Mama mkwe aliitwa Siwema. Mwanangu arithi jina hili?

Shikamoo shangazi,

Nina ujauzito wa miezi minane, wa kwanza, na kipimo kimeonyesha ni mtoto wa kike. Kwetu ni Korogwe, mume wangu ni mtu wa Pangani, na tunaishi Tanga mjini. Mama yake alifariki mwaka jana. Jina lake lilikuwa Siwema. Arobaini haijafika ukoo ukaanza kusema binti wa kwanza atakayezaliwa aitwe Siwema, na mume wangu, ambaye ndiye mtoto wa kiume pekee, ameshakubali.

Marehemu nilimpenda na alinipokea kama binti yake. Shida ni jina lenyewe. Kila nikilitamka nasikia "si wema". Mwenzangu kazini aliposikia alishtuka, akaniuliza nitamwitaje mtoto wangu kwamba si mwema. Wifi yangu mkubwa anasema najisumbua bure, hilo ni jina la Kiarabu na maana yake ni mwanamke mpole. Nimetafuta kwenye orodha za majina mtandaoni: moja inasema ni "malkia", nyingine "aliyetulia". Sijui nimwamini nani.

Ninachojua ni kwamba marehemu alizaliwa Pangani mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtoto wa tatu. Waliomtangulia ni Mashaka na Sikudhani, wote wameshafariki. Mdogo wao, Subira, yuko hai na kumbukumbu zake ni nzuri.

Naomba unisaidie. Jina hili asili yake ni nini? Je, ni kweli jina humvutia mtu mkosi? Nikikataa nitavunja undugu, nikikubali roho haitulii. Tena nimeambiwa hospitalini wanauliza jina la mtoto mapema. Tukiandikisha halafu tukabadili mawazo, inakuwaje?

Mama mtarajiwa, Tanga

*

Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie ujifungue salama.

Kwanza tuliondoe la Kiarabu. Siwema ni Kiswahili kitupu, maneno mawili yaliyoshikana: "si" na "wema". Ile "-ema" ndiyo hiyohiyo ya mtu mwema, habari njema na jambo jema. Orodha ulizozisoma hazikuligawa neno, ndiyo maana moja imekupa malkia na nyingine aliyetulia. Wifi yako hakudanganya. Jina linapokaa kinywani mwa watu miaka sabini, kila kizazi hulitafutia maana inayopendeza kusema mbele ya wageni.

Sasa sikiliza sarufi, maana jibu la hofu yako liko humo. Mtu mmoja ni mwema, watu wengi ni wema. Angekuwa mtoto ndiye anayesemwa, jina lingekuwa "Simwema". Siwema husemwa juu ya wengi: hao si wema. Inaweza pia kusemwa juu ya tendo, kwa kuwa wema ni nomino: haya mliyotenda si wema. Vyovyote utakavyolisoma katika njia hizo mbili, mtoto hamo. Ndiye anayelibeba neno, lakini neno linawahusu watu waliomzunguka mama yake siku anazaliwa. Mwenzako wa kazini ameongeza herufi moja, na kwa herufi hiyo akamgeuza mtoto kuwa mtuhumiwa.

Ipo na njia ya tatu. "Si" yetu huuliza pia, kama tunavyosema "si nilikwambia?" Kwa sauti hiyo, "si wema huu?" ni shukrani ya mtu aliyepata alichokuwa akikiomba. Maandishi hayana sauti, kwa hiyo karatasi haiwezi kukuambia mama yule alisema kwa masikitiko au kwa furaha. Aliyesikia jina likitolewa, au aliyesimuliwa na aliyesikia, ndiye anayeweza.

Usidhani kila jina linaloanza na Si- ni la huzuni. Sihaba ni si haba, yaani tulichopata kinatosha na kuzidi. Siajabu ni si ajabu, lisemwalo na mtu aliyelitarajia jambo. Sikitu ni si kitu, na hilo ni kinga: mtoto anaitwa kitu kisicho na thamani ili jicho la hasidi limpite. Siwatu na Siwazuri ni ndugu wa karibu wa Siwema, yanasema juu ya watu wa pembeni. Halafu kuna "si-" ya mimi mwenyewe: Sikujua, Sikudhani, Sijali, Siamini. Hapo mzazi anajisemea yeye. Na ukigawa haraka utateleza, kwa maana Sikukuu ni siku kuu tu, halikanushi chochote, na Siti ni neno la heshima kwa bibi, limetoka Kiarabu.

Haya ya kinga hayako pwani tu. Wajaluo humwita Owiti au Awiti, yaani aliyetupwa, mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufariki. Wazazi walijifanya kumtupa, mtu mwingine akamwokota, ili kifo kisirudi kumtafuta. Nakueleza haya ili ujue kwamba wazee waliotoa majina yanayosikika vibaya mara nyingi walikuwa wakimlinda mtoto.

Siwema lakini kwa kawaida si la kinga. Ni fumbo, na fumbo la jina linafanya kazi kama maandishi ya kanga, ambayo nayo tunayaita jina. Mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya wakwe hakuweza kumjibu mama mkwe, wifi au mke mwenza ana kwa ana. Angeonekana hana adabu, na kwao angerudishwa. Kumwita mwanawe hakuna aliyeweza kumkataza. Asubuhi anaita "Siwema, njoo unawe," jioni anaita "Siwema, lete kibatari," na aliyelengwa anasikia kila mara, wala hana pa kushtaki, maana akilalamika atakuwa amejitaja mwenyewe.

Ndiyo maana yale majina ya ndugu uliyoniandikia yana thamani kubwa kuliko orodha zote za mtandaoni. Yapange kwa kuzaliwa: Mashaka, Sikudhani, Siwema, Subira. Leo tukisikia mashaka tunafikiria wasiwasi, lakini kwa wazee mashaka ni taabu na dhiki. Wa kwanza amezaliwa katika dhiki. Wa pili, sikudhani, sikutarajia kama yangenifika. Wa tatu, hao si wema. Wa nne, subira. Yasome kwa sauti taratibu, mwanangu. Inaelekea huyo ni mama mmoja anayezungumza kwa miaka kadhaa, sentensi moja kwa kila uzazi, na mwisho anaamua kunyamaza na kuvumilia. Sikudhani linaweza kuwa la furaha pia, kwa mtu aliyekata tamaa ya kupata mtoto, ila likikaa kati ya Mashaka na Siwema, uzito unaelemea kwenye masikitiko. Hii ni dalili, haijawa ushahidi. Ushahidi uko kwa Bi Subira.

Mwendeeni kabla hujajifungua, au mume wako aende peke yake kama safari itakuchosha. Asiulizwe kikaoni mbele ya mawifi na mashemeji, kwa sababu mbele ya kundi mzee hutoa maana ya heshima na habari inaishia hapo. Asiulizwe pia "jina hili maana yake nini", hilo ni swali la kitabuni na atajibu kitabuni. Aulizwe nani alimpa dada yake jina: mama, baba, mkunga au bibi? Maana fumbo la mkwe hutoka kwa mama, na kama baba ndiye aliyelitoa, basi alikuwa akisema na watu wengine, labda ndugu zake wa mirathi au majirani wa shamba. Aulizwe walikuwa wakiishi kwa nani mwaka ule. Kabla ya Siwema, kuna mtoto aliyefariki? Na swali ambalo watu husahau kabisa: je, kulikuwa na Siwema mwingine kabla yake, shangazi au bibi? Kama yupo, basi marehemu alirithi jina kama hili mnalotaka kumrithisha mwanao, ugomvi ulikuwa wa watu wa zamani zaidi, na yeye alibeba kumbukumbu tu. Hapo ule mfuatano niliokusomea unavunjika, na ni vizuri uvunjike mapema.

Mpate na mzee wa pili, wa upande wa baba wa marehemu ikiwezekana. Walio upande uliosemwa kwenye fumbo huwa wanalikumbuka vizuri sana.

Umeuliza kama jina humvutia mtu mkosi. Siuogopi mkosi, ila kutaniwa shuleni kupo kweli, na usikubali mtu akuambie ni jambo dogo. Kwa mkosi, mtazame Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Jina alilopewa kwao ni Mtumwa. Aliuza vyungu, akaja mjini, akaimba taarabu, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay. Watu wenyewe ndio waliomwita Siti, na hilo ndilo tunalomjua nalo. Neno Mtumwa halikumzuia popote.

Katika dini yapo mafundisho ya wazi, na kwa kuwa nyinyi ni watu wa akika, ile shughuli ya kumchinjia mtoto, nadhani mtayahitaji kwenye mazungumzo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, muasi, alimwita Jamila. (Huyu asichanganywe na Asia mke wa Firauni, ambaye jina lake kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine na halina ubaya wowote. Kwa Kiswahili yote mawili huandikwa karibu sawa, na wapo waliobadilisha jina zuri kwa kosa hilo.) Alipokutana na mtu aliyeitwa Hazn, ardhi ngumu, alimpendekezea Sahl, laini, yule akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Hakulazimishwa. Na kumpa mtoto jina la mzazi aliyetangulia nako kuna mfano, kwani Mtume alipopata mwana usiku alisema amempa jina la baba yake Ibrahim, yaani Nabii Ibrahim. Kwa hiyo wakwe zako hawajatunga jambo geni, na wewe kutaka jina lenye maana njema si ukaidi.

Waelewe na kwa jambo hili. Majina yetu kwenye karatasi ni matatu: lako, la baba, la babu. Mwanamke hana nafasi humo. Mama mkwe wako amelea, amezika, amesomesha, na kwenye cheti cha mjukuu wake hataonekana popote isipokuwa pale mwanzo. Hiyo nafasi ya kwanza ndiyo pekee ambapo bibi anaweza kuandikwa, na ndiyo wanayoigombea. Ukianza mazungumzo kwa kulitambua hilo, nusu ya ubishi itakwisha.

Sasa ufanye nini. Bi Subira akisema jina lilirithiwa, au lilitolewa kwa furaha, mimi ningempa mtoto jina hilo zima, nikamfundisha tangu anaanza kusema jibu la kuwapa wenzake: "ningekuwa mimi, lingekuwa Simwema". Mtoto wa darasa la kwanza hulishika hilo, na mwalimu akilisikia mara moja ataligeuza kuwa somo la ngeli.

Akithibitisha kwamba lilikuwa fumbo la uchungu, ushauri wangu unageuka. Mama yule alisema la kwake na alikuwa na sababu. Waliosemwa wamezikwa, na wajukuu zao huenda ndio hao watakaokaa kwenye akika wakila pilau. Sioni kwa nini mtoto wa leo apewe sentensi ya ugomvi ambao hata mshindi wake hajulikani. Hapo pendekeza Wema. Mnaondoa "si", bibi anabaki, na kwa desturi yetu ya mafumbo jina hujibiwa kwa jina. Ila angalia hatari mbili. Ya kwanza, neno hilo likitoka kinywani mwako, mkwe uliyekuja juzi, litasikika kama unamsahihisha marehemu. Litoke kwa Bi Subira. Ya pili, shekhe anaweza kukumbusha kwamba Mtume alimbadilisha jina Barra, mwema mtiifu, akamwita Zainabu, ili mtu asijisifu kwa jina. Muulizeni imamu wenu kabla, msije mkaulizana siku ya shughuli. Akiona kuna tatizo, basi Jamila: ndilo jina lililochukua nafasi ya lile baya, na katika Kiswahili chetu jamala ni hisani, ni wema huohuo. Ihsani nalo limo katika maana hiyo.

Nyumbani, jina lolote mtakaloandika, mtoto aitwe Bibi. Ndivyo wanavyoitwa watoto wenye majina ya wakwe, kwa kuwa mke haoni vyema kulitamka jina la mama mkwe wake ovyo, sembuse kwa kukemea. Siku ya akika mzee atangaze kwamba huyu ni somo wa marehemu Siwema, na undugu huo wa jina utakuwa umefungwa mbele ya watu hata kama karatasi inasema Wema au Jamila. Kwa binti ni mbuzi mmoja, siku ya 7.

Msijaribu kumridhisha kila mtu kwa kuandika majina manne, mathalani Jamila Siwema, kisha la baba, kisha la babu. Fomu nyingi za shule na za ofisi zina nafasi tatu. Mwalimu mmoja ataacha Jamila, mwingine atamwacha babu, na binti atafika kidato cha nne ana vyeti vya watu wawili.

Kuhusu uandikishaji, usiingiwe na haraka. Hospitalini utapewa tangazo la kizazi, na ni kweli jina huulizwa mapema, kwa sababu mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja hivi na akika iko siku ya 7. Makosa mengi huzaliwa hapo: muuguzi anauliza, mama amechoka, shangazi aliyemsindikiza anajibu lake. Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inatoa siku 90 za kuandikisha kizazi, kwa hiyo kama hamjakubaliana mwambie muuguzi jina bado, utunze tangazo, ukakamilishe baada ya akika. Msajili ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, na katika mikoa mingi watoto wa chini ya miaka 5 huandikishwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Siku 90 zikipita bado anaandikishwa, ila mtaongezewa masharti. Wenye kujifungulia Zanzibar wana wakala wao wenyewe wa usajili.

Kubadilisha jina baadaye kunawezekana, kwa hati ya kubadili jina inayotengenezwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha unaipeleka kila mahali jina la zamani lilipoandikwa. Kwa mtoto mwenye kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, mahali hapo ni pachache. Akishafanya mitihani ya taifa na kupata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni kazi ya miezi. Kama utabadili, badili kabla hajaanza shule.

Lililoamuliwa liandike kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, ulitie ndani ya kadi ya kliniki kabla uchungu haujaanza, na mume wako awe na nakala. Likiwa ni Siwema, liwe neno moja, SIWEMA, bila nafasi katikati, maana SI WEMA litasomwa kama majina mawili na mtoto ataandikwa jina la kwanza "Si". Kabla ya kuondoka wodini soma tangazo herufi kwa herufi: jina la mtoto kama limeshajazwa, la baba, na la kwako wewe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako.

Msalimie Bi Subira.